Sumaku, Joto na Kobalti ya Katanga

Kwamba moto huua sumaku ni jambo lililojulikana zamani. Mwaka 1600 tabibu William Gilbert wa London aliandika katika kitabu chake *De Magnete* kwamba chuma chenye sumaku kikipashwa moto hadi kuwa chekundu hupoteza nguvu yake. Kilichokosekana ni kipimo. Mwaka 1895, mjini Paris, Pierre Curie alionyesha kwamba kila metali inayoweza kuwa sumaku ina kiwango chake cha joto ambacho ikikipita huacha kuwa sumaku. Kiwango hicho bado kinaitwa kwa jina lake. Kwa nikeli ni nyuzi 360 hivi za selsiasi, kwa chuma 770, na kwa kobalti zaidi ya 1,100. Hakuna elementi inayoizidi kobalti.

Ndiyo sababu kobalti haikukaa mbali na wahandisi. Mwaka 1917 Kotaro Honda wa Chuo Kikuu cha Tohoku, mjini Sendai, alitangaza aloi ya chuma, kobalti, tungsteni na kromi iliyozipita sumaku zote za wakati wake. Mwaka 1931 Tokushichi Mishima wa Tokyo alichanganya chuma na nikeli na alumini. Wengine walipoongeza kobalti humo, ukazaliwa ukoo wa sumaku za alniko, ambazo hufanya kazi hata kwenye nyuzi 500. Hapa joto lilikuwa rafiki: aloi hupikwa kwa utaratibu hadi chembe zenye sumaku zijitenge ndani yake, na utengano huo ndio unaoipa ukakamavu, yaani uwezo wa kutopoteza sumaku kirahisi.

Miaka ya 1960 ilileta sumaku za samari na kobalti, zenye nguvu zaidi na zinazostahimili joto vizuri. Lakini mwaka 1978 vita vilizuka Shaba, jina la jimbo la Katanga, chanzo kikuu cha kobalti, zama Kongo ilipoitwa Zaire, na waasi wakauteka mji wa migodi wa Kolwezi. Bei ya kobalti duniani ilipanda mara kadhaa. Viwanda vikaanza kutafuta sumaku isiyohitaji kobalti. Mwaka 1982 Masato Sagawa, akiwa kampuni ya Sumitomo Special Metals, aliipata kwa kuunganisha neodimi, chuma na boroni. Watafiti wa General Motors huko Marekani nao waliifikia kwa njia yao. Nguvu ilikuwa kubwa kuliko zote zilizotangulia, ila kikomo chake cha Curie ni nyuzi 310 tu, na sumaku za kawaida za aina hii huanza kudhoofika karibu na nyuzi 80. Ili zifae ndani ya mota za magari ya umeme, nyingi hutiwa disprosi, metali adimu na ya ghali.

Mwaka 1988 utafiti wa sumaku ulihamia kwenye tabaka nyembamba za metali. Albert Fert nchini Ufaransa na Peter Grünberg nchini Ujerumani, kila mmoja kwa upande wake, walipanga chuma na kromi kwa tabaka zenye unene wa atomi chache, wakaona ukinzani wa umeme ukibadilika sana kulingana na mwelekeo wa sumaku za tabaka hizo. Mwaka 1997 IBM iliuza diski za kompyuta zilizosomwa kwa njia hiyo, na mwaka 2007 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel.

Katika vifaa hivi joto lina hatari nyingine. Muda mrefu kabla ya kufika kikomo cha Curie, atomi huvuka mipaka na tabaka huchanganyika kama rangi mbichi zilizopakwa juu kwa juu. Manganizi, inayotumika kushikilia mwelekeo wa tabaka moja, ndiyo msumbufu mkubwa kwa kuhamahama. Metali ya shaba ilipendwa kuwekwa kati ya tabaka za kobalti kwa kuwa metali hizo mbili hazichanganyiki kwa urahisi. Hata hivyo tanuri haikwepeki, kwa kuwa tabaka nyingine huhitaji joto ili zikomae. Mwaka 2010 watafiti wa Sendai, chuo kilekile cha Honda, walionyesha tabaka za kobalti, chuma na boroni zilizobanana na oksidi ya magnesi, zikakomaa kwenye nyuzi 300. Utengenezaji wa chipu zinazowekewa tabaka hizo hufika nyuzi 400, na pengo hilo limewapa watafiti kazi ya miaka mingi.

Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani leo hutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, nyingi ikitoka Katanga ya zamani. Wanafunzi wa Lubumbashi na Kolwezi wanastahili kufundishwa historia hii darasani, kwa kuwa madini ya kwao yameiandika kwa kiasi kikubwa.