Habari za Fritz Pollard, Mcheza Mpira wa Marekani

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kuwaelezeni habari za mtu mmoja mweusi wa Marekani, jina lake Frederick Douglass Pollard, ambaye watu walimwita Fritz. Alizaliwa mjini Chicago mwaka 1894. Baba yake alikuwa kinyozi, na mama yake mshonaji wa nguo.

Kwanza yafaa tueleze mchezo wenyewe, kwani si kandanda tuijuayo. Mpira wake una umbo la yai, nao huchukuliwa mikononi. Watu 11 kila upande hushindana kuufikisha mwisho wa kiwanja cha wenzao, na mwenye kuuchukua hukamatwa na kuangushwa chini kwa nguvu.

Pollard hakuwa mtu mkubwa. Uzito wake ulikuwa ratili 165 hivi. Lakini alikuwa na mbio, tena alijua kukwepa. Alipokuwa mwanafunzi katika Chuo cha Brown alipata fedha kwa kupiga pasi nguo za wenzake. Tarehe 1 Januari 1916 alicheza katika shindano kubwa la Rose Bowl huko California, akawa mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Siku ile Brown walishindwa, lakini mwaka ule ule, alipokuwa nao, waliwashinda Yale na Harvard pia.

Mwaka 1919 akaenda Akron, katika Ohio, kucheza kwa mshahara. Mwaka uliofuata vilabu vikafanya shirika lao, ambalo ndilo asili ya ligi kubwa ya mpira ya Marekani hata leo. Akron wakatwaa ubingwa wa kwanza pasipo kushindwa hata mara moja. Mwaka 1921 Pollard akawa mwalimu wa timu, huku akiendelea kucheza. Hakuna mtu mweusi aliyemtangulia katika kazi hiyo.

Lakini sikieni upande wa pili. Mwanzoni hapo Akron, kama alivyosimulia mwenyewe, hakubadili nguo pamoja na wenzake. Alivalia katika duka la tumbaku la mwenye timu. Na alipoangushwa uwanjani, wako waliotaka kumrukia ili wamvunje. Basi alijifunza kugeuka chali upesi na kuinua miguu, ili viatu vyake vyenye meno viwakabili wenye kumjia. Akaondoka chini mzima, akacheza tena.

Pollard aliacha ligi mwaka 1926. Tangu mwaka 1934 hata mwisho wa 1945 hakuonekana mchezaji mweusi hata mmoja ndani yake. Haikuandikwa sheria yo yote. Mlango ulifungwa kimya kimya. Naye Pollard hakukaa bure: toka 1935 hata 1937 aliwafundisha Brown Bombers wa Harlem, timu ya wachezaji weusi. Mwaka 1946 Kenny Washington na Woody Strode wakaingia katika timu ya Los Angeles Rams, na mlango ukafunguka tena. Lakini mwalimu mkuu mweusi wa pili, Art Shell, hakupatikana mpaka mwaka 1989. Pollard alikuwa amekufa mwaka 1986, mwenye miaka 92. Jina lake liliingizwa katika nyumba ya heshima ya mchezo ule mwaka 2005.

Sisi tulio walimu huwaambia watoto kwamba mwenye bidii atafunguliwa. Maneno hayo ni kweli, lakini si kweli yote. Bidii ya Pollard ilifungua mlango, na watu wengine wakaufunga nyuma yake, wala si kwa kosa lake. Kwa hiyo haitoshi mtu kuingia. Yawapasa walio ndani kuulinda mlango usifungwe tena. Wazee walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo. Pollard hakufa moyo. Sisi nasi tusiwe miongoni mwa wafungao milango kimya kimya.