Ukingo Mmoja, Riziki Mbili

Mwenye baiskeli na dereva wa daladala, Temeke hadi Kinondoni, wanagombania nini? Siyo ustaarabu, ndugu msomaji. Ni ukingo wa kushoto.

Kabla ya 1983 njia za mjini kisheria zilikuwa za UDA, na mabasi hayakutosha. Mwaka huo magari ya watu binafsi yakaruhusiwa. Dereva ana hesabu ya tajiri. Abiria akipunga mkono, anachomekea kushoto. Hukohuko yupo muuza mkaa na Phoenix yake, gunia nyuma.

2016 mwendokasi ikaanza Barabara ya Morogoro: mabasi katikati, baiskeli njia yake pembeni. Ugomvi ukaisha? Wapi! Bodaboda nao wana hesabu, wakaingia humohumo. Hesabu ni ya tajiri, lakini anayeumia ni asiye na injini.