Vigogo wa soka (Tanzania)

Vigogo wa soka ni klabu ambazo hadhi yake haishuki hata msimu ukiziendea kombo. Tanzania, kwa desturi, ni mbili tu: Yanga, iliyoanzishwa 1935, na Simba ya 1936, ambayo ilikuwa ikiitwa Sunderland hadi 1971.

Mataji peke yake hayaipi klabu ukigogo. Tukuyu Stars ya Mbeya ilikuwa bingwa 1986, Coastal Union ya Tanga 1988, Mtibwa Sugar 1999 na 2000. Azam ya Chamazi ilitwaa ubingwa wa 2013/14 bila kupoteza mchezo. Ina fedha na uwanja wake, lakini bado huhesabiwa ya tatu. Inachokosa ni mashabiki wa kurithi, na hao hawasajiliwi.

Kimara inaonyesha hilo vizuri. Ni kitongoji cha wahamiaji, na wengi wao walifika Dar es Salaam wakiwa tayari wana timu. Siku ya mechi ya watani, Simba na Yanga, kibanda umiza, yaani ukumbi mdogo wa kutazamia mechi, hujaa jezi nyekundu za Simba na za kijani za Yanga. Atakayevaa ya Azam ataulizwa, kwa utani, anashabikia ipi hasa.

Kigezo kingine ni kufika mbali katika mashindano ya Afrika. Simba ilicheza fainali ya Kombe la CAF 1993 na ya Kombe la Shirikisho 2025. Yanga ilicheza ya Shirikisho 2023. Fainali zote tatu walizipoteza.