Habari za Røros, Mji wa Shaba Katika Nchi ya Baridi

Katika nchi ya Norwei, mbali na bahari, juu ya uwanda wa mlimani karibu na mpaka wa Uswidi, uko mji mdogo uitwao Røros. Wakaao mjini ni kama watu 4,000 tu, na mahali penyewe pamekwenda juu kupita usawa wa bahari kadiri ya meta 630. Baridi yake haielezeki kwa msomaji aliyezaliwa pwani. Tarehe 13 Januari 1914 kipimo cha joto kilishuka hata digrii 50 na nukta chini ya sifuri, na wenyeji hawajasahau siku ile. Shayiri ni shida kuiva huko, na ngano haifai kabisa. Basi mtu atauliza, Ni nini kilichowaleta watu kujenga mji mahali kama hapo? Jibu lake ni neno moja: shaba.

Kwanza tuseme juu ya jina. Herufi ile ø husomwa kwa kukusanya midomo kana kwamba mtu asema o, huku ulimi ukisema e. Jina limetokana na mto Røa, pamoja na neno *os*, maana yake mlango wa mto. Nalo lilikuwa jina la shamba la mkulima kabla ya kuwa jina la mji. Lakini wenyeji wenyewe walizoea kuuita Bergstaden, yaani mji wa migodi. Tena katika maneno ya kazi yao mna mengi yaliyotoka Ujerumani, kwa sababu mafundi wa kwanza walitoka huko, na mkuu wa kwanza wa kazi, Lorentz Lossius, alikuwa Mjerumani. Shimo la kushukia huitwa *sjakt*, msimamizi wa mgodi ni *stiger*. Neno *hytte*, ambalo kwa Mnorwei mwingine ni kibanda cha kupumzikia, kwa mtu wa Røros ni tanuru kubwa la kuyeyushia shaba. Ndivyo lugha ilivyo: fundi ajapo na ufundi wake huja na maneno yake, na mwanafunzi huyapokea yote pamoja.

Wazee husimulia ya kuwa katika mwaka 1644 mkulima mmoja, Hans Olsen Aasen, alikwenda kuwinda mnyama wa jamii ya kulungu apatikanaye katika nchi za baridi. Akampiga, naye mnyama katika kufa kwake akarusha miguu akafukua majani, na chini yake likaonekana jiwe linalong'aa. Kwamba mambo yalikuwa hivyo hasa, sisi hatuwezi kushuhudia; hadithi za namna hii husimuliwa katika migodi mingi. Lakini mwaka wenyewe ni wa kweli, na mwaka 1646 tanuru lilianza kazi kando ya mto upitao mjini.

Mwaka huo huo Mfalme Christian wa Nne, aliyetawala Denmark na Norwei pamoja, aliwapa wenye kazi hati. Hapo ndipo ilipo habari nzito kuliko zote. Hati ilichora duara, kitovu chake ukiwa mgodi wa Storwartz, na kutoka kitovuni hata ukingoni maili nne za Kinorwei za zamani, ambazo ni kama kilometa 45. Ndani ya duara hilo madini yote, miti yote na maji yote yalikuwa kwa ajili ya kazi ya shaba. Na wakulima waliokuwamo walilazimishwa kukata kuni, kuchoma makaa na kuchukua mizigo kwa ujira uliokwisha kupangwa. Mkulima aliyelala usiku akiwa bwana wa msitu wake aliamka asubuhi akiwa mchukuzi wa kampuni. Hakuhama, wala nyumba yake haikuvunjwa. Duara ndilo lililomjia.

Na msitu ulihitajiwa kweli kweli. Zamani hizo mwamba haukupasuliwa kwa baruti. Walipanga kuni mbele ya ukuta wa jiwe chini ya ardhi, wakazitia moto, na jiwe lilipokwisha kushika joto likapasuka, ndipo walipolibomoa kwa nyundo na sururu. Kisha mawe yenye shaba yalichomwa nje, mahali pa wazi, ili kiberiti kilichomo kitoke. Na baadaye yakatiwa tanuruni kwa makaa. Kwa hiyo miti iliangamia mara mbili: iliyokuwa mbali kwa shoka, na iliyokuwa karibu kwa moshi wa kiberiti. Vilima vya kuuzunguka mji vilibaki vitupu. Na mavi ya shaba, yaani takataka ngumu nyeusi zitokazo tanuruni, yalimwagwa kando ya nyumba miaka kwa miaka hata yakawa vilima vyenyewe. Vipo hata leo, na mimea ni haba juu yake.

Watu waliishije? Mchimbaji alilala karibu na mgodi siku za kazi, kisha akarudi nyumbani. Na nyumbani hakurudi kupumzika, maana mshahara haukutosha. Ukiingia leo katika ua wa nyumba ya kale ya Røros, waona mbele, upande wa njia, nyumba ya watu, na nyuma yake zizi na ghala la nyasi kavu. Kila aliyeweza alifuga ng'ombe mmoja au wawili, na wakati wa kiangazi, ambacho ni kifupi mno, watu wote walikata majani milimani, mke na watoto wakichukua sehemu kubwa ya kazi. Basi ulikuwa mji wenye zizi katika kila ua, jambo ambalo msafiri wa Ulaya alilistaajabia, lakini ambalo msomaji wetu halitamshangaza.

Vita navyo viliufikia. Askari wa Uswidi waliuchoma moto mwaka 1678, wakarudi wakauchoma tena 1679. Mwaka 1718 Waswidi walikuja mara nyingine chini ya Jemadari Armfeldt, na kikosi chao kimoja kikaingia Røros kikachukua shaba. Lakini mfalme wao aliuawa upande wa kusini wa nchi, jeshi likaamriwa kurudi, na katika Januari 1719 jeshi kubwa lilijaribu kuvuka milima iliyo kaskazini ya Røros. Dhoruba ya theluji iliwakuta wakiwa wamevaa nguo mbovu, nao watu kama 3,000 wakafa kwa baridi. Hawakuuawa na adui.

Kanisa la sasa, la mawe yaliyopakwa chokaa, liliwekwa wakfu mwaka 1784, nalo laweza kuchukua watu 1,600, hesabu kubwa kwa mji kama huo. Juu ya mnara, mbele ya macho ya watu wote, imechorwa alama ya kampuni: nyundo pamoja na alama ya shaba. Ndani yake mimbari imewekwa juu ya altare, na kinanda juu ya mimbari. Wakubwa wa kampuni walikuwa na vyumba vyao vya kuketi, na wachimbaji mabenchi yao, kila daraja mahali pake. Mwandishi Johan Falkberget (1879–1967), aliyefanya kazi mgodini tangu utoto wake, alitunga kitabu chake kimoja kikubwa, kilichotolewa mwaka 1923, juu ya kasisi wa mji huu. Nao wasomaji walio makasisi wangefaidika nacho kama kingepata kufasiriwa.

Hata hivyo si haki kuwataja wakubwa kwa ubaya tu. Peder Hiort, aliyekuwa mkuu wa kazi, alipofariki mwaka 1789 aliacha mali yake iwe amana. Kwa fedha hizo ilinunuliwa sufu, maskini wakapewa waifanye nguo, wakalipwa ujira. Kisha nguo zile zikagawiwa bure kwa waliokuwa maskini zaidi. Ufumaji wa Røros, ambao wajulikana hata leo, hutafuta asili yake hapo.

Wako na watu wengine ambao vitabu vya zamani viliwasahau upesi. Nao ni Wasami, wachungaji wa wanyama wale wale wa hadithi ya Aasen. Mji kwa lugha yao huitwa Plassje. Sheria ya mwaka 1883 iliwafanya wachungaji wa wilaya moja kulipa kwa pamoja hasara iliyofanywa na wanyama wao, hata kama mwenye mnyama hakujulikana. Msami mmoja, Daniel Mortenson, alianza mwaka 1910 kutoa gazeti huko Røros, liitwalo Waren Sardne. Lilidumu hata 1913, likafufuka tena 1922 hadi 1927. Sehemu kubwa iliandikwa kwa Kinorwei, maana aliowashitaki ndio aliotaka wasome. Yeye ndiye aliyeuongoza mkutano mkuu wa Wasami uliofanyika Trondheim mwaka 1917. Lugha ya Wasami wa Kusini yasemwa sasa na watu wachache, mamia tu, lakini yafundishwa tena.

Wakati wa baridi haukuwa adui siku zote. Maziwa na mito iliposhika barafu, farasi walivuta mizigo juu yake kwa magari yasiyo na magurudumu, mahali ambapo wakati wa kiangazi ni matope. Ndiyo sababu mnada mkuu wa Røros huwa katika Februari. Amri ya mfalme ilitolewa mwaka 1853 ya kwamba uanze Jumanne ya pili kutoka mwisho wa mwezi huo, nao hufanywa hata sasa. Na watu hutoka Uswidi na mabonde ya mbali kwa farasi, wakisafiri siku nyingi kama babu zao, ingawa reli imefika mjini tangu 1877.

Tanuru liliyeyusha shaba mara ya mwisho mwaka 1953, na mwaka 1977 kampuni ikafilisika, baada ya miaka 333 na shaba zaidi ya tani 100,000. Nyumba za mbao zilisimama, kwa sehemu kwa sababu wenyewe hawakuwa na fedha za kuzibomoa na kujenga nyingine. Mwaka 1980 UNESCO iliuandika mji katika urithi wa dunia. Mwaka 2010 mpaka wa urithi huo ulipanuliwa nje ya mji, na kwa ukanda wa kuulinda uuzungukao, watu wa vipimo hawakuhitaji kubuni mpya: walishika duara lile lile la Mfalme Christian.