Somo la mazingira lisiishie ubaoni Kiandutu

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini Kenya mnamo 2019, una somo la Shughuli za Mazingira kwa wanafunzi wa Gredi ya 1 hadi ya 3. Kwa mtoto wa Kiandutu, mtaa wa Thika wenye nyumba zilizosongamana, somo hilo lisiishie ubaoni. Mto Chania, utokao milima ya Aberdare, huungana na Mto Thika mjini humo. Ukingoni mwanafunzi hujionea mmomonyoko wa udongo na uchafuzi wa maji. Kukaa nje pia hupunguza hatari ya kutoona mbali: tangu 2010, Taiwan imehimiza shule ziwatoe watoto nje kwa dakika 120 kila siku. Gharama ni ndogo, mradi walimu wawalinde watoto mtoni.