Mgonjwa wa Neno Moja

Huenda yumo nyumbani kwako mzee aliyepigwa na kiharusi: upande wa kuume umelegea, na maneno hayatoki. Watu humsema mbele yake, wakidhani akili zimekwisha. Sivyo siku zote.

Katika hospitali ya Bicêtre, jirani na Paris, alikuwapo mgonjwa wa hali hiyo ambaye kila aulizwalo hujibu "tan, tan". Alipofariki Aprili 1861, tabibu Paul Broca alimpasua kichwa akakuta ubongo umeharibika sehemu ya mbele, upande wa kushoto. Kufikia 1865 alikwisha kuona wagonjwa wa kutosha hata akakata shauri kwamba, kwa watu wengi, usemi umekaa kushoto. Na upande huo ndio uendeshao mkono na mguu wa kuume, kwa kuwa mishipa ya fahamu hupishana kabla ya kuteremka uti wa mgongo. Ndiyo maana misiba hiyo miwili hufuatana.

Na akili je? Siku chache kabla ya kifo, Broca alimwuliza amekaa pale miaka mingapi. Alikunjua kiganja mara nne, akaongeza kidole kimoja: 21, na ndivyo ilivyokuwa. Kesho yake, jibu lile lile. Alipoulizwa mara ya tatu alitambua kuwa anajaribiwa, akaghadhibika.