Ramani ya taya la juu

Mwaka 1901, Nairobi ikiwa bado mji mchanga wa reli, hospitali ya Waafrika iliyoitwa Native Civil Hospital ilianza na vitanda 40. Mwaka huohuo, huko Lille, Ufaransa, daktari René Le Fort alichapisha aliyoyaona baada ya kupiga vichwa vya maiti na kuichunguza mifupa yake. Taya la juu, alisema, halivunjiki ovyo. Ufa wa kwanza hupita juu ya mizizi ya meno na kulitenga kaakaa. Wa pili hupanda hadi mwanzi wa pua. Wa tatu huutenga uso mzima na fuvu.

Hospitali ile iliitwa King George VI mwaka 1952, na baada ya uhuru ikawa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, hapo Upper Hill. Ramani ya Le Fort haijabadilishwa jina. Daktari hushika meno ya mbele ya juu, akayatikisa polepole, na mahali panapocheza humwambia ufa umepita wapi.

Tiba yenyewe ilikawia. Kwa miongo mingi meno ya juu yalifungwa kwa waya na ya chini, na mgonjwa akaishi kwa uji wa mrija wiki kadhaa. Mwaka 1942 Mmarekani Milton Adams alieleza jinsi ya kulining'iniza taya kwa waya kutoka mfupa mzima ulio juu yake. Mwaka 1973 Mfaransa Michelet akaonyesha kazi ya vibamba vidogo vya chuma na skrubu, vinavyoshika mfupa wenyewe, hata mdomo ukaweza kuachwa huru mapema.

Kwetu, mwaka mkubwa kwangu ni 1974, Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoanza kufundisha madaktari wa meno. Mtu angedhani uso uliopondwa ni kazi ya mpasuaji wa mifupa tu. Sivyo. Mfupa wa taya hurudishwa mahali pake kwa kufuata meno: yakikutana kama zamani, taya limekaa sawa. Ndiyo maana mpira wa kupumulia mara nyingi hupitishwa puani, ili kinywa kifungwe na meno yapimwe kabla ya skrubu ya kwanza kukazwa. Kibamba kikifungwa meno yakiwa yamepishana, mgonjwa atapona jeraha lakini hataweza kutafuna vizuri, na itabidi apasuliwe tena.